Mume Wangu Ameacha Pombe, Nami Nimempangia Safari ya Mji wa Mvinyo

Mpendwa mshauri,

Naomba unijibu kabla ya Ijumaa saa nane mchana, maana saa nane ndiyo treni inaondoka, tikiti mbili ziko kwenye droo ya kabati la viatu, na mimi niliyezikata ndiye ninayeomba zipotee. Naandika nikiwa kazini, kati ya mteja na mteja, kwa hiyo nikirukaruka unisamehe.

Mimi napima macho kwenye duka la miwani, na mume wangu ni mwonja chai. Wengi hawaijui kazi hiyo, hata mama yangu mzazi alipoambiwa siku ya posa aliuliza kama kuna mtu anayelipwa kwa kunywa chai, basi naieleza. Kwenye ghala lao wanapanga vikombe vyeupe mezani, hamsini, siku nyingine mia, kila kikombe chai ya shamba lake, naye anapita na kijiko, anavuta chai kwa kelele kama mtu asiyefunzwa adabu, anaizungusha mdomoni, anasema neno moja tu, "imeungua", "kavu", "hii nzuri", mwenzake anaandika, kisha anatema kwenye chombo kirefu chenye magurudumu anachokisukuma kwa goti huku akienda kwenye kikombe kinachofuata. Hamezi. Miaka ishirini na moja hamezi, anarudi nyumbani ana kiu anauliza kama kuna chai.

Sasa, mume wangu alikuwa mlevi. Sisemi alikuwa anakunywa kidogo, hiyo ni lugha ya wifi yangu, dada yake mkubwa, ambaye mpaka leo anasema mdogo wake alikuwa "mtu wa watu". Hakuwa na makosa ya kupiga wala kutukana, alikuwa mlevi mpole, anacheka, anaimba, anaahidi, na mvinyo mwekundu ndio ulikuwa ugonjwa wake, na mimi nilivumilia hadi siku ile alipompeleka binti yetu kwenye bwawa la kuogelea, mtoto ana miaka tisa, akamwacha majini akaenda kukaa mahali na chupa yake, akamsahau, akarudi nyumbani peke yake akiwa na taulo la mtoto begani, anauliza chakula kiko wapi. Nilikimbia mpaka bwawani bila viatu. Nilimkuta mtoto amekaa kwenye benchi na mlinzi, ametetemeka mpaka midomo imebadilika rangi, na kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Mama, usimgombeze baba."

Kesho yake mume wangu aliacha. Ni miaka miwili na miezi miwili sasa. Kila Jumanne anakutana na wenzake walioacha, katika chumba cha nyuma cha maktaba, na rafiki yake mkubwa pale ni fundi viatu mmoja, mzee mwenye maneno machache, aliyeacha miaka kumi na tisa iliyopita. Mimi sijawahi kumwona mume wangu ameshika glasi tangu siku ile, wala kunusa chochote, na hapo kwenye kunusa ndipo mambo yangu yalipo, mshauri, kwa sababu nanusa. Nanusa kikombe chake akitoka mezani, nanusa koti lake, akiingia mlangoni namkumbatia, na watu wakituona wanadhani ni mapenzi. Mwezi wa pili binti yetu, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, aliniuliza mbele yake, "Mama, mbona kila siku unamnusa baba?" Nikacheka nikasema namnusia majani ya chai. Mume wangu naye akacheka, lakini alichelewa kucheka.

Basi mwaka huu tunatimiza miaka kumi na sita ya ndoa na hatujawahi kwenda mahali sisi wawili tu. Dukani kwetu kuna magazeti ya wateja wanaosubiri, ndimo nilimouona huo mji, mji mdogo juu ya kilima, mapaa mekundu, daraja la mawe, uwanja wenye maduka ya mikate na viti nje, barabara nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakishikana mikono wanaizuia, na mashamba ya mizabibu yamepanda kilima mpaka ukutani mwa nyumba. Niliupenda, sikudanganyi. Nilikaa miezi mitatu naupanga, nikasoma ratiba za treni zote, nikachagua chumba chenye dirisha linalotazama mto, katika nyumba ya familia inayotengeneza mvinyo. Nilijua. Mama mwenye nyumba aliniambia kwa simu kwamba wageni wao wote Jumamosi saa nne asubuhi hushuka chini kwenye chumba cha mapipa kuonja aina sita, akaniuliza niwaandike watu wangapi. Nikajifanya natafuta kalamu. Akauliza tena, "Wawili?" Nikasema ndiyo, wawili.

Hilo ndilo ninaloungama, na halijatoka mdomoni mwangu kwa mtu yeyote. Nilitaka kuona. Kazini kwangu mtu haulizwi kama anaona, unamwekea herufi mbele yake unamwambia asome, na nilijiambia nikimweka mume wangu mbele ya glasi sita na akazipita, nitalala usingizi wa watu wengine, na akishindwa basi nitajua, nitaacha kusubiri. Nilichoka kusubiri, mshauri. Kila jioni ufunguo wake ukigusa mlango naacha ninachofanya, nasikiliza hatua zake kabla sijamwona uso. Yeye nilimwambia mji una mto na daraja na mikate mizuri.

Alifurahi mpaka nikaona aibu. Alinunua kofia. Aliwatangazia wenzake ghalani. Wiki iliyopita akapeleka viatu vyake kwa yule fundi viatu vibadilishwe soli kwa ajili ya kutembea huko, na fundi akamuuliza ni wapi huko, akamtajia. Alirudi nyumbani na viatu mkononi, havijatengenezwa, akaketi kwenye kiti cha jikoni akaviweka mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa ndani na daktari. Akasema, "Mzee anasema mji ule ni wa mvinyo. Kila nyumba. Anasema hata kwenye duka la mikate wanakumiminia." Nikaendelea kumenya viazi. Akaniuliza, "Mke wangu, ulijua?"

Nikasema, "Sikujua."

Aliniamini hapo hapo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alisimama akanishika bega, akasema nisijilaumu, safari ni nzuri, tutaenda, na huko wakimpa mvinyo hataona haya, ataonja na kutema kama kazini. Akasema, "Mimi na kutema tumekutana kabla sijakutana na wewe. Wale watu watashangaa." Tangu siku hiyo anafanya mazoezi. Amenunua juisi ya zabibu, anaimimina kwenye vikombe sita kando ya sinki, anapita na kijiko chake cha kazini, anavuta, anazungusha, anatema, na binti yetu anamshikia saa. Kila mara anatema yote. Lakini juzi nilimwona kikombe cha mwisho amekishika kwa mikono miwili, na kijiko kilikuwa kimebaki kando ya sinki.

Na jana Jumapili mchana nilikuwa napiga pasi, yeye yuko nje anaanika nguo, dirisha liko wazi, anaongea na fundi viatu kwa simu. Sikumsikia mzee, nilimsikia yeye. Alisema, "Hapana, hakujua, maskini. Ameipanga miezi mitatu. Nikikataa ataona bado mimi ni mgonjwa." Akasikiliza. Akasema, "Ndiyo, naogopa. Naogopa sana, Mzee. Silali. Lakini nitatema." Kisha akaendelea kuanika, akabana gauni langu kwa vibanio vinne, mtu ambaye siku zote hutumia viwili.

Sasa nimekwama, maji nimeyavulia nguo. Naweza kusema mtoto anaumwa, tukabaki, na hakuna atakayejua. Naweza kumpigia yule mama mwenye nyumba atutoe kwenye kuonja, twende tukae tu na mto wetu, nami nimlinde kila hatua. Au nimwambie ukweli, na hilo ndilo naliogopa kuliko yote, kwa sababu akitoka mlangoni kwa hasira na akaenda kunywa, nitakuwa nimemnywesha mimi kwa mkono wangu. Na ukitaka yote, niseme na hili, kwamba bado natamani kuuona ule mji. Nishauri kwa ukali kama unavyojua, lakini nishauri upesi.

Ni mimi, mwenye tikiti mbili


MSHAURI ANAJIBU

Mwenye tikiti mbili,

Pole, na naisema mwanzo kwa sababu nikianza kukugombeza sitapata nafasi. Mke wa mtu aliyekuwa mlevi hukaa na masikio mlangoni hata baada ya pombe kuondoka, na mama aliyekimbia bila viatu kwenda kumtafuta mwanawe hawezi kuambiwa "sahau". Mumeo alipoacha alipata chumba cha maktaba, akapata wenzake, akapata mzee wa kumpigia simu akianika nguo. Wewe ulipata nini? Ulipata kazi ya kunusa, na ulijipa mwenyewe, ukaifanya miaka miwili bila mapumziko. Ningeshangaa kama usingechanganyikiwa.

Pole imeisha. Mama, umemtegea mumeo mtego. Usiite mtihani, usiite kutaka kuona. Mteja anayekaa kwenye kiti chako anajua amekuja kupimwa, na akishindwa kusoma unampa miwani. Mumeo ungempa nini akishindwa? Ungempa mkoba na njia. Uliulizwa mara mbili na mwenye nyumba na mara mbili ulikuwa na nafasi, tena uliulizwa mara ya tatu na mumeo mwenyewe, viatu mapajani, ukamdanganya huku unamenya viazi. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na sasa hivi aliyenasa kwanza ni wewe, ndiyo maana unaomba tikiti zipotee.

Na tuseme angefaulu. Tuseme Jumamosi saa nne asubuhi angepita glasi zote sita akatema zote, mkapiga picha darajani. Jumatatu ungefanyaje? Nakujua wewe kwa barua moja tu, na nakuambia Jumatatu ungemnusa, kwa sababu hofu yako haijakaa kwenye glasi. Ungemtafutia mji mwingine.

Habari ya kutema sasa, maana naona na wewe umeanza kuiamini kidogo, na ndiyo maana umeniandikia Jumatatu badala ya kufuta safari Jumapili. Nimemuuliza daktari. Anasema mvinyo ukizungushwa mdomoni, kiasi fulani huingia hata kama umetema, na waonja mvinyo wenyewe wakionja sana hulewa. Lakini tuliache la daktari. Mumeo akitema chai anatema kazi, na chai haijawahi kumsahaulisha mtoto. Huu mwingine ni mvinyo mwekundu, ule ule. Mtu mzima mwenye ulimi wa miaka ishirini na moja ataufahamu kabla haujagusa meno. Ameshaanza kushika kikombe cha juisi kwa mikono miwili, na wewe unayelipwa kwa kuona umeona, ukaendelea na mambo yako.

Tena kuna jambo ulilisikia ukalipita. Ulitaka kujua mumeo amepona kiasi gani. Jibu lilikuja Jumapili kupitia dirishani, bure, bila treni wala mapipa. Mlevi anayetaka kurudi kwenye chupa humpigia simu rafiki mwenye chupa. Yeye alimpigia fundi viatu, akasema "naogopa", akataja kitu chenyewe kwa jina lake. Miaka yake ya kuimba na kuahidi aliwahi kukuambia anaogopa? Basi huyo anayeanika nguo ni mtu mwingine, na wewe bado unakaa kama mke wa yule wa zamani.

Haya, njia zako tatu. Ya kwanza, usimtie mtoto ugonjwa kwa mdomo. Huyo binti ameshajua mama ananusa, ameshajua kumtetea baba, sasa ameajiriwa kushika saa ya mazoezi ya kutema. Mwondoe kwenye kazi hiyo leo. Ya pili haipo. Ukiwatoa kwenye chumba cha mapipa utawatoaje kwenye duka la mikate? Chumba chako chenye dirisha la mtoni kitakuwa na chupa mezani na kadi ya kuwakaribisha, nakuapia, na wewe utatembea wikiendi nzima nyuma ya mtu kama askari magereza.

Imebaki ya tatu, na utaifanya hivi. Umngoje arudi kutoka kazini, avue koti, anywe maji. Mtoto awe kwa wifi yako. Umwambie: "Nilijua ni mji wa mvinyo. Niliulizwa kama tutaonja nikasema ndiyo. Nilikuwa nakupima. Uliponiuliza nilikudanganya." Ukifika hapo funga mdomo. Usitie "lakini". Usimtaje wifi, usilitaje bwawa, bwawa analijua kuliko wewe. Machozi yakija yaache, ila usiyatumie. Kisha umwachie yeye azungumze au asizungumze.

Unaogopa atatoka akanywe. Huenda akatoka, sitakuficha. Lakini akinywa atakuwa amenywa yeye, kama alivyoacha yeye, na hatari hiyo ni ndogo kuliko kumshusha kwenye chumba cha mapipa akiwa na usingizi wa wiki nzima macho yakimuuma, tena kwa ajili ya kumfurahisha mwongo. Asubuhi ya siku hiyo nenda kwa fundi viatu. Mwambie yote kwanza, mwombe awe karibu na simu jioni, au akae nje kwenye ngazi zenu kama ana nafasi. Atakuwa na neno kali kwako, lipokee. Halafu muulize mahali wanapokutana wake na waume wa watu walioacha, kwa sababu wapo, wana siku yao na chumba chao, na wiki ijayo wewe utakuwa humo hata kama mumeo hasemi nawe.

Mpigie yule mama mwenye nyumba, mumeo akiwa anasikia, ufute chumba kwa sauti yako mwenyewe. Tikiti mpe yeye. Akitaka kuzibadilisha mwende mji mwingine, atachagua yeye, na wewe utabeba mkoba tu. Akitaka mkae nyumbani, kaeni. Akitaka kulala chumba kingine siku chache, mpe shuka safi bila maelezo. Na ule mji wa kwenye gazeti, upende ukiwa gazetini. Kuna wanawake wengi wanaishi vizuri hawajawahi kuvuka daraja la mawe.

Jana Jumatano asubuhi nilikupigia kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha nikakusomea jibu hili lote, maana gazeti hili linatoka leo Alhamisi na treni yenu ni kesho. Ukasema utapita kwa fundi viatu mchana na kumwambia mumeo akirudi, ukasema na barua niichape tu, wengine wajifunze, mumeo hasomi ukurasa huu. Mama, kila mke anayeniandikia huniambia hivyo, na nusu ya barua ninazopokea zinatoka kwa waume.

Kwa hiyo neno la mwisho si lako. Baba, kama haya umeshayasikia jana kwa mkeo, umesikia kweli yote, na msamehe kwa wakati wako, asikuharakishe mtu. Kama unayasoma hapa kwa mara ya kwanza, weka gazeti chini, mpigie fundi viatu kabla ya kumpigia yeye, na usitoke hapo ulipo mpaka mzee amefika. Vyovyote iwavyo, kesho usipande treni ile. Ulikuwa unaenda kwa sababu ulidhani mkeo hakujua.